Kaunta Nyeupe ya Kwatzi: Namna ya Kuichagua kwa Jiko la Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji huu haujapumzika kujenga. Ukipita Iyumbu, Nzuguni, Ilazo au Njedengwa utakuta nyumba nyingi zimefika hatua ya kumalizia: bati limeshapanda, plasta imekauka, madirisha yana vioo, na wenye nyumba wanaumiza kichwa kuhusu jiko. Zamani kaunta ya jikoni haikuwa na mjadala. Fundi alimwaga zege juu ya kuta fupi za tofali, akabandika vigae, kazi ikaisha. Baadaye ikaja granaiti nyeusi. Leo wengi wanataka kaunta nyeupe, inayong'aa, yenye mishipa myembamba ya kijivu, na kinachouzwa kwa sura hiyo mara nyingi ni kwatzi.

Naipenda kaunta hiyo, na ninaamini inaweza kudumu vizuri hapa uwanda wa kati. Ila ichaguliwe kwa kuangalia maji, vumbi, jua na mapishi ya nyumba yako. Picha unazoletewa kwenye simu hazionyeshi chumvi ya maji ya kisima wala vumbi la mwezi wa nane.

Kwatzi ni ngumu, gundi yake ni laini

Bamba la kwatzi halichimbwi ardhini likiwa zima kama granaiti. Hutengenezwa kiwandani. Kwatzi iliyosagwa, ambayo kwa uzito huwa asilimia 90 hadi 93 hivi, huchanganywa na rezini ya plastiki, ambayo ndiyo gundi yake, pamoja na rangi. Mchanganyiko hushindiliwa kwa mtetemo huku hewa ikifyonzwa, kisha huokwa mpaka ugande. Mitambo ya kazi hiyo ilibuniwa na kampuni ya Breton ya Italia, na leo viwanda vya namna hiyo vipo Hispania, China, India, Vietnam na kwingineko.

Kwatzi yenyewe si ngeni kwetu. Ni yale mawe meupe yanayometameta vilimani na kwenye makorongo makavu ya Dodoma na Singida. Watu wa kale walioishi kwenye miamba ya Kondoa, ambako michoro yao imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, walichonga zana zao kwa mawe hayo hayo. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatzi iko 7, wakati kisu cha kawaida cha jikoni kiko kati ya 5 na 6.

Udhaifu wote uko kwenye ile sehemu ndogo iliyobaki, yaani rezini. Moto huiunguza, jua kali huigeuza njano, dawa kali za usafi huila, na rangi za vyakula hunasa humo. Kwenye bamba jeusi kasoro hizo hujificha kidogo. Kwenye jeupe zinaonekana kutoka mlangoni. Kwa hiyo ushauri wangu karibu wote una shabaha moja: chagua na panga jiko lako kwa namna ya kuilinda gundi. Kwatzi itajilinda yenyewe.

Weupe uko wa aina nyingi

Usimwambie muuzaji "nataka nyeupe" ukaishia hapo. Iko nyeupe kabisa isiyo na doa, nyeupe ya maziwa inayovuta kwenye krimu, nyeupe yenye chembechembe za kijivu au za kioo, na nyeupe yenye mishipa inayoiga marumaru.

Hapa kwetu mvua hunyesha tangu Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haifiki milimita 600 sehemu nyingi. Miezi iliyobaki ni ya ukavu, na upepo wa kiangazi huingiza vumbi la kahawia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nyeupe kabisa huonyesha kila punje ya vumbi hilo saa moja baada ya kufuta. Nyeupe ya maziwa, au yenye chembe ndogo za kijivu na kahawia, hulivumilia vumbi na bado jiko likabaki jeupe na lenye mwanga. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, au mtaa ambao viwanja jirani bado vinachimbwa misingi, ningeichagua hii ya pili bila kusita.

Kuhusu maji, nyeupe ina faida ambayo watu wachache huitaja. Maji mengi ya Dodoma, ya bomba na hasa ya visima vya watu binafsi, yana chumvi na chokaa. Tone likikauka huacha duara jeupe. Wenye granaiti nyeusi iliyong'arishwa wanaijua adha hiyo, kwamba kaunta huonekana chafu hata ikiwa imeoshwa muda si mrefu. Kwenye bamba jeupe madoa hayo hayaonekani kirahisi. Mahali pa kuangalia ni kuzunguka mguu wa bomba tu, ambapo chokaa hujenga ganda na ganda hilo hushika uchafu.

Kisha kuna uso wa bamba. Uso uliong'arishwa ni rahisi zaidi kusafisha. Uso usiong'aa unapendeza kwenye picha, lakini hushika alama za vidole vyenye mafuta na, zaidi ya yote, mikwaruzo ya kijivu ya masufuria. Sufuria ya alumini ikiburutwa juu ya jiwe hili haikwaruzi jiwe. Jiwe ndilo linaloikwaruza sufuria, na ungaunga wa alumini hubaki juu kama mstari wa penseli. Nyumba zetu nyingi hupikia alumini. Kama na wewe ni hivyo, chukua uso uliong'arishwa.

Mwisho, weupe hubadilika kwa taa. Balbu yenye mwanga wa bluu huifanya nyeupe ya maziwa ionekane kama imechakaa, na balbu yenye mwanga wa njano huipa nyeupe kabisa sura nyingine. Omba kipande, kipeleke nyumbani, kiegemeze pale kaunta itakapokaa karibu na kigae cha ukutani na mlango wa kabati, kisha kitazame asubuhi, jioni na usiku taa ikiwaka. Ukikipenda nyakati zote tatu, umepata rangi yako.

Jaribu kipande kabla ya kununua bamba

Kipande hicho hicho kina kazi ya pili. Weka juu yake vitu vinavyomwagika jikoni kwako: manjano iliyokorogwa na mafuta ya alizeti, juisi ya zabibu nyekundu au ya choya, chai ya rangi, nyanya ya kopo, na tone la ndimu. Viache vilale hapo usiku mzima. Asubuhi osha kwa sabuni ya vyombo na kitambaa laini, kisha kiinamishe kipande dirishani ili mwanga uje kwa ubavu.

Soma matokeo hivi. Chai, zabibu na nyanya zinatakiwa zitoke zote. Manjano ndiyo kali kuliko vingine, na ikiacha njano hafifu inayofifia kipande kikikaa siku mbili tatu kwenye mwanga, usiwe na wasiwasi sana. Ikibaki njano ileile, rezini ya bamba hilo si nzuri. Ndimu isiache alama yoyote. Ikiacha doa lililofifia, ambapo mng'ao umekufa, basi ama umeuziwa marumaru kwa jina la kwatzi, ama mtengenezaji amejaza unga wa chokaa badala ya kwatzi ili kupunguza gharama. Bamba la namna hiyo litaharibiwa na kachumbari.

Geuza kipande, upande wa chini ukwaruze kwa ncha ya kisu. Kwatzi halisi haichimbiki, itabaki alama ya chuma tu ambayo inafutika. Muuzaji akikataa kukupa kipande, au akisema hakuna, nenda kwa mwingine. Anayekata mabamba kila wiki hakosi vipande vya mabaki.

Akikwambia kwamba bamba litahitaji kupakwa dawa ya kuzibia vinyweleo na gharama yake iko pembeni, muulize vizuri. Granaiti na marumaru huhitaji dawa hiyo. Kwatzi haina vinyweleo vya kunywa maji, na hiyo ni moja ya sababu za watu kuinunua.

Kagua bamba lenyewe

Kipande hakitoshi. Bamba zima, ambalo wauzaji huliita slabu, huwa na urefu wa mita 3 hadi 3.2 na upana wa mita 1.4 hadi 1.6. Mishipa iliyopendeza kwenye kipande cha kiganja inaweza kuwa imejikusanya upande mmoja wa bamba, na upande mwingine ukawa mtupu. Nenda ulikotunzwa mzigo, omba lisimamishwe nje kwenye mwanga wa mchana, lipanguswe vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha lipitie kwa jicho kutoka pembeni. Tafuta mabaka yenye rangi tofauti, vidimbwi vya rezini vinavyong'aa kuliko sehemu nyingine, nukta nyeusi, na nyufa za nywele kwenye kingo. Pima unene kwa rula pande zote nne, maana bamba la milimita 15 huuzwa wakati mwingine kwa bei ya milimita 20.

Kama jiko lako linahitaji mabamba mawili, hakikisha yote yametoka kwenye mzigo mmoja wa kiwandani. Namba ya mzigo huandikwa kwenye lebo au mgongoni mwa bamba. Weupe wa mwezi huu na weupe wa mwezi ujao kutoka kiwanda kilekile vinaweza kupishana, na tofauti hiyo itajulikana pale vipande viwili vitakapokutana konani.

Mabamba mengi hufika kutoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 450. Yasafirishwe yakiwa yamesimama na kufungwa kwenye fremu. Bamba lililolazwa kwenye roli na kurushwarushwa na matuta linaweza kufika na ufa usioonekana mpaka siku ya kukata. Andikiana na muuzaji nani anabeba hasara likivunjika njiani, na liandikwe kabla gari halijaondoka.

Panga mahali pa moto na jua

Watengenezaji wengi huonya kuhusu joto linalozidi nyuzijoto 150 hivi. Mafuta ya kukaangia maandazi hufika nyuzijoto 170 hadi 190. Chuma cha chapati hupita hapo. Ukitua karai la mafuta hayo au chuma hicho moja kwa moja juu ya kaunta nyeupe, rezini itaungua na kuacha alama ya njano au kahawia ambayo hakuna sabuni itakayoitoa. Wakati mwingine jiwe hupasuka, kwa kuwa sehemu moja imetanuka ghafla na jirani yake bado ni baridi.

Jiko la mkaa halina nafasi juu ya kwatzi, hata kwa dakika moja, hata likiwekewa bati chini. Kama nyumba yako bado hupika maharage na makande kwa mkaa, mjengee mpishi mahali pake nyuma ya nyumba au kwenye kona ya zege, na kaunta nyeupe ibaki ya kuandalia.

Jiko la gesi la mezani nalo lina jambo lake. Siku za kawaida miguu yake huliinua na joto hupita juu. Siku ya shughuli, sufuria kubwa la pilau likifunika plate mbili kwa pamoja, moto hurudishwa chini na kaunta huchemka bila wewe kujua. Njia bora ni kumwambia fundi mapema kwamba sehemu ya jiko, pamoja na sentimita 40 hivi za pembeni yake, iwe ya granaiti. Granaiti haina rezini iliyochanganywa ndani yake na huvumilia joto vizuri zaidi. Mabaki ya granaiti hupatikana kwa wakataji, na rangi ya kijivu ya kawaida hukaa vizuri kando ya nyeupe. Usipoweza, uwe na vibao viwili vya mbao au vya chuma chenye miguu, vikae kaunta muda wote, ili mtu yeyote anayeepua asitafute pa kutua.

Jua lipewe uzito huohuo. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, anga lake halina mawingu miezi mingi, na jua lake ni kali. Mwanga huo, siku baada ya siku, huibadili rezini. Kwa sababu hiyo usiweke kwatzi nyeupe kwenye jiko la nje, barazani, wala kwenye kizingiti cha dirisha linalopigwa na jua. Huko weka granaiti au terazo. Ndani ya nyumba, kama dirisha la jiko linatazama magharibi, pazia jepesi au kivuli cha paa lililosogezwa mbele vitakuokolea kaunta.

Fanya hesabu kabla ya bei

Wauzaji hupanga bei kwa njia tatu: kwa slabu nzima, kwa mita ya mraba, au kwa mita ya urefu. Ukilinganisha bei za watu wawili bila kujua kila mmoja anahesabu vipi, utapotea.

Chukua jiko lenye umbo la L, upande mmoja mita 3, wa pili mita 2, upana wa kaunta sentimita 60. Kipande cha kwanza ni 3 × 0.6, sawa na mita za mraba 1.8. Cha pili, ukiondoa kona iliyokwishahesabiwa, ni 1.4 × 0.6, sawa na 0.84. Jumla ni mita za mraba 2.64. Slabu ya 3 × 1.4 ina mita za mraba 4.2, kwa hiyo moja inatosha, na baki yake inatoa vipande vya ukutani vya kimo cha sentimita 10 kuzunguka kaunta yote. Ukilipia slabu nzima, baki ni mali yako. Liseme hilo mapema. Ukilipia kwa mita ya urefu, uliza kama kona inahesabiwa mara moja au mara mbili, yaani kama utalipia mita 4.4 au mita 5.

Kisha uliza kilichomo ndani ya bei: tundu la sinki, tundu la jiko la kupachika, tundu la bomba, kung'arisha ukingo, vipande vya ukutani, usafiri, na kufunga. Mambo hayo yakitajwa moja moja baada ya makubaliano, bei hupanda kuliko ulivyotegemea.

Kuhusu unene, milimita 20 zinatosha kwa kaunta iliyoegemea zege au kabati imara. Uzito wake ni karibu kilo 48 kwa mita ya mraba, kwa hiyo jiko la mfano wetu lina kilo 127 hivi za jiwe. Bamba la milimita 30 hupita kilo 70 kwa mita ya mraba na linataka kabati la nguvu zaidi. Ukipenda ukingo mnene, fundi anaweza kuongeza kipande chini ya ukingo wa mbele tu. Muonekano ni uleule, gharama na uzito vinapungua. Sehemu inayoning'inia, kama ile ya kukalia watoto wakila, ikizidi sentimita 20 hivi kwa unene huo, iwekewe vishikilio vya chuma.

Vipimo, matundu na viungio

Maji yakimwagika hayazoleki, na bamba likishakatwa fupi halirefuki. Vipimo vichukuliwe baada ya kabati kufungwa, au baada ya zege kukauka kwa siku zake 28, na fundi apitishe pimamaji kila upande. Kona za kuta zetu mara nyingi hazina nyuzi 90 kamili. Fundi mzuri hachukui namba tu. Hukata plaiwudi nyembamba au katoni ngumu kwa umbo halisi la kaunta, akaliweka mahali pake, akahakikisha linakaa, ndipo akaenda kukata jiwe.

Sinki na jiko la kupachika vinunuliwe kabla ya kukata, na fundi avipime vyenyewe. Karatasi iliyomo kwenye boksi haitoshi, kwa kuwa huenda ni ya toleo jingine. Pembe za ndani za kila tundu zikatwe kwa mviringo. Angalia jambo hili kwa macho yako: pembe iliyokatwa kwa kona kali ndipo ufa unapoanzia, mara nyingi mtu anapoegemea sinki au wakati wa kubeba. Kati ya tundu na ukingo wa mbele zibaki sentimita 5 au zaidi. Tundu la bomba kwa kawaida ni milimita 35.

Viungio vikubaliwe kwenye mchoro. Visipite katikati ya sinki wala jiko. Mahali pazuri ni konani, au kwenye sehemu ya kuandalia ambayo haina maji mengi. Gundi ya kuungia ichanganywe rangi ifanane na bamba, na ukipitisha ukucha juu ya kiungio usisikie ngazi. Kwenye zege, bamba libandikwe kwa silikoni iliyowekwa kwa madonge. Lisizamishwe kwenye saruji mbichi. Kwatzi na zege havitanuki sawasawa, na silikoni huacha nafasi ya kila kimoja kupumua. Vigae vya ukutani vibandikwe baada ya kaunta kukaa.

Mlinde anayekata

Ugumu wa kwatzi unaokufaa wewe mezani ni hatari kwa anayeikata. Grainda ikipita kwenye bamba hili kavu, hutoa vumbi jeupe laini la silika ambalo huingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Ugonjwa wake ni silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Watanzania tunaujua kutoka kwa wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani. Granaiti nayo ina silika, lakini mara nyingi chini ya nusu. Kwatzi ya kiwandani ina zaidi ya asilimia 90. Vijana waliokata mabamba haya Australia waliugua wakiwa bado na nguvu za ujana, mpaka nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kuyapiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Julai 2024.

Mwenye nyumba una uwezo mkubwa katika hili, kwa kuwa wewe ndiye unayelipa. Tembelea karakana kabla ya kutoa advansi. Mashine ya kukatia iwe inamwagiwa maji muda wote, na sakafu yake iwe na tope badala ya vumbi. Wakataji wawe na barakoa za kichujio zinazobana uso. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii silika. Usikubali kazi ya kukata bamba au kutoboa tundu ikafanyike ukumbini kwako kwa grainda kavu, hata ikiwa ni kurekebisha kidogo tu. Nyumbani kwako hufanyika kubandika tu, na kama kuna tundu dogo lililosahaulika, litobolewe nje huku mtu akimwagia maji. Uliza pia mabamba yenye silika kidogo. Viwanda kadhaa sasa vinayatengeneza, na wateja wakiyaulizia, waagizaji watayaleta. Kwa masuala ya usalama kazini nchini kwetu msimamizi ni OSHA, na karakana inayofuata taratibu zake haitachukia maswali yako.

Kama hujapata mkataji anayetumia maji, ahirisha. Kaunta ya vigae au terazo itakutumikia vizuri mpaka utakapompata. Weupe wa jiko haustahili pumzi ya kijana wa mtu.

Kuitunza

Vumbi la huku limejaa punje za kwatzi iliyomomonyoka kutoka kwenye miamba ya granaiti. Punje hizo zina ugumu uleule wa kaunta na ni ngumu kuliko rezini. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unasugua kaunta kwa mchanga, na mng'ao utafifia taratibu. Anza na kitambaa chenye maji, likusanye vumbi, lioshe, kisha futa kwa sabuni ya vyombo na kukausha.

Stilwaya ibaki kwenye masufuria. Dawa za kung'arishia nguo nyeupe, magadi makali ya kuzibulia sinki na dawa za kusafishia oveni zisiguse kaunta. Zikimwagika, suuza papo hapo kwa maji mengi. Ganda la chokaa kwenye mguu wa bomba lilowekwe kwa siki iliyochanganywa na maji, dakika chache tu, kisha lisuuzwe. Alama za kijivu za sufuria hutoka kwa krimu laini ya kusafishia na kitambaa, bila kukandamiza. Kata vitu kwenye kibao, kwa faida ya kisu chako na ya kaunta.

Kabla hujamaliza malipo

Gawa malipo, na sehemu ya mwisho itoke baada ya ukaguzi. Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, kisha isome: dhamana nyingi hazifidii alama za moto wala bamba lililowekwa juani. Siku ya kukabidhiwa, fanya haya kwa utaratibu:

1. Weka pimamaji pande zote. Kaunta isiinamie ukutani, maana maji yatatuama huko.
2. Pitisha ukucha kwenye viungio vyote na kidole chini ya ukingo kutafuta mapengo.
3. Tazama pembe za matundu kwa tochi ya simu, juu na chini.
4. Jaza sinki maji, yaache saa nzima, kisha yaachie yatoke. Angalia kabatini kama pamelowa.
5. Zima taa, washa tochi kwa ubavu wa kaunta, utafute mikwaruzo na mabaka ya gundi.
6. Chukua mabaki yako. Kipande cha kiganja kitasaidia siku ya kutafuta rangi ya kuzibia jeraha.

Kasoro ikionekana siku hiyo, fundi bado yuko nyumbani kwako na fedha yake ya mwisho bado iko kwako. Hapo ndipo mazungumzo huwa mepesi kwa wote wawili.